Presha ya Mama na Chumvi ya Majimaji

Kila ninaporudi Bagamoyo, iwe natoka Msata au kokote miguu ilikonipeleka, kitu cha kwanza kukitafuta ni mchuzi wa ng'onda wa mama, yule samaki mkavu aliyekolea chumvi. Safari hii nilikuta amekatazwa. Ana presha, ugonjwa uleule uliomchukua baba, na daktari kamwambia chumvi basi. Mama haambiliki.

"Daktari gani? Chumvi nimeila tangu mama yake hajavunja ungo."

Mpwa wangu, anayesoma kemia chuo kikuu, alikuwa sebuleni akijizoeza kueleza utafiti wake wa chumvi za maabara. Msikilizaji nilikuwa mimi, niliyeagana na kemia kidato cha nne.

"Chumvi hii haijayeyushwa kwenye maji, Mjomba. Yenyewe tu ni ya majimaji. Lakini ikipata presha kubwa, inaganda, inakuwa ngumu kama kioo."

Jikoni kijiko kilianguka. Mama akatokea na kopo lake la chumvi.

"Rudia hapo, mjukuu wangu. Chumvi ikikutana na presha kubwa?"

"Inaganda, Bibi."

"Yote?"

"Yote."

Mama aliliweka kopo mezani, akalisukuma kwa ncha ya kidole kama anayemfukuza nge. Mpwa wangu alifumbua mdomo kumweleza, nikamkanyaga mguu. Lililomshinda daktari na ukoo mzima, kemia ilikuwa imeliweza.

"Na presha ikishuka?" mama akauliza.

Nilimkanyaga tena, lakini msomi hanyamazi. "Zipo nyingine, Bibi, ukizibana hazigandi kuwa fuwele. Ukizilegezea ndipo zinaganda."

"Kwa hiyo ikipanda naganda, ikishuka naganda?" Akalichukua kopo lake. "Basi heri nigande na ladha."

"Bibi! Si presha ya damu hiyo! Ni mgandamizo, mashine inabana tone dogo la…"

"Mgandamizo! Si humohumo mna kuganda?"

Tulicheka mpaka mama mwenyewe akaketi. Kisha akanikazia macho mimi.

"Presha yangu haikutoka kwenye kopo hili. Imetoka kwenye miguu yako isiyokaa nyumbani. Tulia hapa mpaka mwezi uandame, nami nakukabidhi kopo."

Nikalipokea kopo kabla hajabadili nia. Mpwa wangu karudi chuoni, na sasa hasemi tena "presha", anasema "mgandamizo" tu. Mimi bado nipo Bagamoyo, nakula mchuzi wa ndimu usio na chumvi, kila jioni natoka uani kuuangalia mwezi, na miguu inaniwasha.