Shule Isiyo na Huzuni

Ukikutana na Bi Verlene Tolliver, utaona kwanza glavu nyeupe za wahudumu wa kanisa, safi kama hazijawahi kugusa dunia. Kisha utaona mdomo wake, uliofungwa vizuri kuliko mlango wa benki.

Mtaa mzima wa Orange Mound, hapa Memphis, ulijua kwamba alimzika binti yake, Renita, wakati wa masika. Lakini ukimuuliza hali, jibu lilikuwa moja tu: "Nimebarikiwa, mwanangu." Hata akiwa na homa, alibarikiwa.

Kwa hiyo shule ilipotangaza kuwapima watoto afya ya akili, alimketisha mjukuu wake, Zakiyah, yatima wa Renita.

"Wakikuuliza, unasemaje?"

"Nimebarikiwa, Bibi."

"Na huzuni?"

"Sina."

Alikuwa na sababu. Zamani mwanawe Dorsey alilia darasani baada ya kufiwa na babu yake. Wakamhamishia chumba cha watukutu, akakaa humo mpaka akaacha shule.

Na upimaji wenyewe! Waheshimiwa wa shule waliwapanga watoto bega kwa bega kwenye bwalo la chakula, kila mmoja na kishikwambi chake, darasa litakalomaliza kwanza likaahidiwa piza. Ni mtoto gani wa miaka tisa atakayesimama kuomboleza piza ikinukia? Walibonyeza kikatuni cha tabasamu kama wanaoua nzi. Wiki haikuisha, bango likatundikwa getini: watoto wenye furaha kuliko wote mjini! Mwalimu mkuu, Bwana Cutrer, akapigwa picha chini yake, meno yote nje.

Jumapili, akibadilisha mashuka, Bi Verlene aliinua mto wa Zakiyah. Akakuta vipande vya kambale wa kukaanga kwenye karatasi, vingine vikavu kama gome.

"Hivi ni nini, mtoto?"

"Vya Mama. Akirudi atakuwa na njaa."

Bi Verlene aliketi kitandani, mashuka mapajani.

Kesho yake alitinga ofisini na kofia ya kanisani.

"Mama Tolliver!" Bwana Cutrer alichangamka. "Mjukuu wako kapata alama za juu kabisa!"

"Nilimfundisha kudanganya, nawe ukamlipa piza. Mpimeni upya, chumbani peke yake, na mtu anayejua kusikiliza."

"Lakini matokeo tumeshayatangaza, na bango…"

"Bango kalitandike mezani kwako, ule wali juu yake. Na mkimtupa kwenye chumba cha watukutu, nitakuja na kina mama wote wa kanisa. Utatafuta pa kujificha."

Bwana Cutrer, aliyekuwa na furaha kuliko wote mjini, alimpigia simu mshauri nasaha palepale.

Sasa bibi na mjukuu wako kwenye benchi, nje ya chumba cha mshauri. Ndani kuna mtoto mwingine. Sauti yake inasikika kwa mbali.

"Bibi, nikisema kweli utakasirika?"

"Sema yote. Hata nilivyokufundisha."

"Na ya samaki?"

"Anza na ya samaki."

Zakiyah anasogea ukingoni mwa benchi, miguu ikining'inia, macho kwenye kitasa. Kiti kinasogezwa ndani. Kitasa bado hakijazunguka.