Kinyungu Kando ya Bwawa

Tangu tunatoka Njombe niliwachosha wanakwaya wenzangu na darubini yangu. Ni ya mtumba, niliipata Makambako, na njia nzima nilijifanya bingwa wa ndege kuliko hata aliyewaumba. Mimi ni mzee wa kanisa, nafundisha watoto wa kipaimara. Nimezoea kusikilizwa.

Bwawa tulilokwenda kutembelea lilikuwa kimya, ukungu unainuka taratibu, ndege aina ya mnandi wanakausha mabawa juu ya visiki. Mlinzi wa hifadhi alitutembeza ukingoni, akatuonyesha kipande cha matete kilichozungushiwa kamba. Humo korongo taji wawili walikuwa na kiota. Akina mama wenye vinyungu, zile bustani za bondeni tunazolima kiangazi, walikubaliana kuwaachia ndege sehemu ile. Atakayeingia ananyang'anywa kinyungu chake.

Wenzangu walipokaa kula mahindi ya kuchemsha, nilirudi peke yangu. Nilitaka picha moja tu ya karibu, nikawatambie. Nikapita chini ya kamba, nikazama kwenye matope, na kabla sijainua simu korongo wakaruka wakipiga kelele. Yai moja lilikuwa limepasuka. Sijui walilikanyaga wao au mimi. Ni mimi, kwa nini nijidanganye hata hapa?

Nilishatoka nje ya kamba mlinzi alipokuja mbio, na wanakwaya nyuma yake. Jirani na kamba kulikuwa na mama mmoja akipalilia njegere. Mlinzi akamvaa yeye.

"Umeingia kukata matete!"

"Sijaingia, mwanangu. Kweli kabisa, sijaingia."

"Na nyayo hizi za nani? Kinyungu hiki unakiacha leo hii." Kisha akanigeukia kwa adabu. "Mzee, wewe ulikuwa huku. Umeona mtu?"

"Mimi nilikuwa natazama ndege," nikasema.

Hakuna aliyeniuliza zaidi. Mlinzi akaondoka kumwita mwenyekiti wa kikundi cha akina mama wa vinyungu, na wenzangu wakaanza kurudi kwenye gari. Yule mama akatazama suruali yangu, iliyojaa matope mpaka magotini. Nikajua kwamba amejua. Nilingoja apige kelele, hakupiga. Alinisogelea, akasema kwa sauti ya chini.

"Baba, kinyungu hiki ndicho kinachosomesha wajukuu wangu. Sema wewe mwenyewe."

Angeweza kuniumbua mbele ya kwaya nzima. Badala yake alinipa nafasi, akasimama na jembe lake kuningojea. Niliona aibu mpaka masikio yakawaka moto. Nilifikiria wanakwaya, nilifikiria watoto wa kipaimara, nilifikiria kila mtu isipokuwa yeye. Dereva akapiga honi.

"Pole sana, mama," nikamwambia, nikaenda zangu.

Garini waliniomba mimi, kama mzee wa kanisa, niongoze sala ya safari. Nikaongoza.