Nilivyoharibu mnyororo wa chenso kwa wivu, Kariakoo enzi za Ujamaa

Wakuu, heshima zenu. Mzee mwenzenu leo natua mzigo wa miaka mingi. Chumvi sijaweka, na sehemu ya aibu sijairuka.

Enzi za Ujamaa nilikuwa fundi kwenye karakana ya ushirika pale Mchafukoge, hatua chache tu na soko la Kariakoo. Kazi yangu kunoa minyororo ya chenso, ile misumeno ya injini ya wapasua mbao.

Spea zilikuwa hazipatikani. Mnyororo ukifa, chenso inakuwa pambo. Kwa hiyo mnoaji nilikuwa mtu, bwana! Hata kwenye foleni ya sukari nilipishwa.

Akaja Athumani, mnoaji wa pili, jamaa mpole kutoka Songea.

Mwezi haukuisha, wateja wakawa wananipita mlangoni: "Ndugu Athumani yupo?" Niliumia, wakuu.

Nikaanza kumchungulia. Kila jino analipiga tupa mara tatu. Mbona hata mimi nafanya hivyo? Kisha nikamwona anagusa kile kinundu kilicho mbele ya jino. Nikasema siri ndiyo hiyo!

Kwa wasiojua, kinundu ndicho kinachozuia jino lisiume mti kupita kiasi. Kinaguswa kidogo sana, tena mara mojamoja. Mimi nilikuwa sijui.

Akaja mteja, Mzee Salumu wa Magomeni, Athumani katoka kula. Akamwachia mnyororo wake, mimi nikaudaka, nikanoa meno, vinundu nikavikwangua vyote kwa tupa.

Kesho yake mzee karudi na mnyororo mkononi. Chenso iling'ata gogo ikamrukia, nusura usoni.

"Nani kanoa huu?"

Nikasema Athumani. Ndiyo, nilisema hivyo, na mwenyewe kasimama pale.

Athumani akaupokea, akapitisha kidole. Meno ya kushoto marefu, ya kulia mafupi. Ndivyo mkono wangu ulivyo, na karakana ilikuwa na wanoaji wawili tu. Nikajua kanijua.

Akamgeukia mzee: "Shikamoo mzee. Unisamehe, naurekebisha."

Alasiri nzima akapunguza meno mpaka yakaendana na vile vinundu. Mnyororo ukapona, ila umri wake niliupunguza mimi.

Mzee alipoondoka, Athumani akanikabidhi tupa. "Kaka, upande wa kulia unakandamiza mno. Njoo nikuoneshe."

Basi. Hakuna mtu mwingine aliyewahi kujua.

Somo langu: wivu ulinionesha mkono wa mwenzangu, haukunionesha anachokifanya. Ningeuliza tu, angenifundisha siku ya kwanza.

Athumani ameshatangulia mbele ya haki, radhi sikumwomba. Kunoa nilikuja kumfikia. Ule moyo wake sijaufikia, na mpaka leo namwonea wivu.

Waliowahi kumsingizia mwenzao kazini wajitokeze hapa chini, nisibaki peke yangu.