Kopo la Maharage

Tangu nianze kulala bweni Korogwe sijawahi kuogopa kama Jumamosi ile. Mvua zilikuwa zimegoma na njaa imeingia. Shuleni tukakubaliana kuacha chakula cha mchana kila Jumamosi, maharage yake yapelekwe kijiji cha ujamaa. Kijiji gani, hatukuambiwa. Mwalimu alinichagua kwenda kugawa kwa sababu, alisema, mimi sina maneno mengi.

Tuko juu ya lori ndipo dereva akasema tunakwenda ndani ndani, kupita Mkata. Huko ndiko mama alikohamishiwa kutoka Kwamsisi wakati mimi niko shuleni. Nilikuwa nimefika mara moja tu, likizo, nyumba bado ni miti mitupu haijakandikwa.

Bwenini wanajua mama yangu ana duka. Nilisema hivyo siku ya kwanza, nilipoona masanduku yao mapya, na sikupata njia ya kurudi nyuma.

"Wale watakula leo, kesho njaa ile ile," alisema rafiki yangu, tunayelala naye kitanda kimoja, yeye juu mimi chini. "Tunajikondesha bure." Wenzetu wakacheka. Nami nikacheka.

Kijijini nilipewa kopo. "Usirundike," mwalimu akaniambia. "Pima sawasawa na mdomo." Nilipima nimeinamisha kichwa, kila anayefika naiona miguu yake tu. Nilikuwa naomba mama awe shambani, awe kisimani, awe popote. Halafu ikaja miguu yenye kovu la jembe juu ya kidole gumba. Kopo likaniteleza, maharage yakamwagika mchangani.

"We, unapanda?" rafiki yangu akanitania.

Mama akachuchumaa. Akayaokota moja moja, akiyapuliza, akiyatia kwenye pindo la khanga. Nilisubiri aniite jina. Nyumbani hasemi nami ila Kizigua. Neno moja tu lingetosha. Nikamwongezea kopo lingine, nalo halikujaa vizuri.

"Shikamoo, mama," nikasema, kama nilivyowaamkia wote.

"Marahaba, mwanangu," akanijibu kwa Kiswahili, kama alivyowajibu wanafunzi wengine. "Mungu awazidishie." Akaenda zake bila kugeuka. Khanga ile ile ya siku zote, ila sasa ilimzunguka mara mbili.

Wakati wa kurudi hakuna aliyenitazama, nikaanza kupumua. Makonge yalipoanza kuonekana, rafiki yangu akasogea.

"Yule mama aliyeokota," akasema. "Kweli kopo moja litamfikisha wapi?"

Sikupanga kujibu. Mimi huwa sijibu.

"Keshokutwa," nikasema. "Anatia maji mengi. Siku ya kwanza tunakunywa mchuzi. Ya pili ndiyo tunakula yenyewe. Yakibaki, anachanganya na majani ya kunde."

Akanigeukia.

"Tunakunywa?" akauliza.

Nikashika ubao wa lori kwa mikono yote miwili, nikangoja acheke, awaambie wengine. Hakucheka. Alitazama makonge mpaka tukaingia mjini, nami sikujua anawaza nini.

Mpaka naandika haya hajamwambia mtu, wala mimi hajaniambia kitu. Jumamosi asubuhi tutanyoosha mikono kuamua kama tuendelee kuacha mlo au basi. Juu ya kitanda chake namsikia anavyogeuka, na kila akigeuka naacha kuandika, nasikiliza.