Siku Niliyofagia Mto

Jirani yangu alikuwa mvuvi asiyekula samaki, na jambo hili lilinikera. Kila Jumamosi nilimwona kutoka dirishani anarudi, mabuti yamejaa tope mpaka magotini, fimbo ya kuvulia begani, mikono mitupu. Nikawa namsikitikia. Mtu mzima huyu, mjane, wiki nenda wiki rudi hapati hata dagaa! Siku moja nikamsimamisha mlangoni kwake nikamuuliza, "Leo umepata nini, mzee?" Akasema amepata wanne wazuri. Wako wapi? Amewarudisha mtoni.

Makubwa haya! Mimi nimezaliwa Unguja, nikaondoka nikiwa msichana baada ya Mapinduzi, nikazunguka wee mpaka nikaangukia hapa Hayes, magharibi mwa London, nikipanga sahani za chakula cha abiria wa ndege hadi nikastaafu. Katika maisha yangu yote sijapata kusikia mtu anamtoa samaki majini, anamtazama, kisha anamwambia haya rudi kwenu. Nikamwuliza binti yangu, mzaliwa wa hapa hapa. Nilimuuliza kwa Kiswahili, akanijibu kwa Kiingereza kama kawaida yake, kwamba huo ni mchezo, nisimsumbue mzee wa watu. Mchezo! Na samaki naye kaulizwa kama anacheza?

Kuuliza si ujinga, na mimi nikianza kuuliza sinyamazi. Nilimsubiri tena Jumamosi ya pili, na ya tatu. Mwishowe alichoka, akaniambia nivae viatu vya mpira nije nione mwenyewe.

Mto wenyewe uko nyuma ya maghala, mdogo, mtu mzima anauvuka maji yakimfika magotini. Ndege za kwenda Heathrow zinapita juu karibu karibu mpaka mazungumzo yanakatika. Niliwakuta wanaume saba, wote wazee, wote wa chama kimoja cha wavuvi, na wala hakuna aliyekuja na fimbo. Walikuwa wanavuta matairi, magodoro, na vile vitoroli vya dukani. Mmoja alinipa reki, akanionyesha changarawe zilizofunikwa na tope chini ya maji, akasema nizikwangue mpaka tope litoke lichukuliwe na mkondo.

Hapo ndipo waliponipata. Mimi ni mtu wa kufagia. Nimelelewa na nyanya aliyekuwa akisema nyumba inajulikana uwanjani, na kabla jua halijatoka uwanja wetu ulikuwa na mistari ya ufagio kama kitambaa kilichopigwa pasi. Nikaingia mtoni na reki yangu. Saa mbili baadaye wazee wale walikuwa wamesimama na vikombe vyao vya chai wananitazama. Jirani yangu akasema hajapata kuona changarawe safi vile tangu utoto wake. Nikavimba kichwa, sikatai.

Tangu siku hiyo nikawa nao, na maswali yangu yote nikayamwaga. Samaki ambao wazee walikuwa wakiwataka wanaitwa trauti, ndugu wa damu wa samoni. Trauti huyu huzaliwa mtoni, huenda kukulia baharini, kisha hurudi mtoni kuja kuzaa. Zamani walijaa humu, akaniambia jirani yangu. Halafu mtu akajenga ukuta wa mawe kukinga maji ya kinu cha kusagia nafaka, viwanda vikamwaga uchafu, na samaki wakaisha. Uchafu ulipungua, ukuta ukabaki. Yeye na wenzake walipiga magoti kwa wakubwa miaka kumi na miwili mpaka wakaruhusiwa kukata mwanya ukutani, upana wa mlango tu, ili samaki apite.

"Sasa wanajuaje njia?" nikamuuliza.

"Wanafuata harufu ya maji waliyozaliwa."

"Na kama juu ya ukuta hajazaliwa hata mmoja miaka yote hiyo, atarudi nani?"

Alicheka, mara ya kwanza kumwona anacheka. "Ndiyo maana tunangoja mmoja apotee njia," akasema.

Jibu hilo nilirudi nalo nyumbani nikalifikiri wiki nzima. Miaka yote ile ya kubembeleza wakubwa, na mahali penyewe panaweza kuanzwa na mpotevu mmoja tu, mwenye mayai tumboni! Nilitaka kumwona samaki huyo kuliko nilivyotaka vitu vingi vya maana zaidi.

Vuli ilipoingia, jirani yangu alitangaza kazi ya reki imesimama mpaka majira ya kuchipua. Hakusema kwa nini, na mimi, nisiyeacha kuuliza, siku hiyo sikuuliza. Nilidhani najua. Wanaume hawa wanakimbia baridi. Nikawacheka kimoyomoyo.

Desemba ikaja na habari mbaya. Mwenye ardhi ya upande wa pili, mwenye bwawa la bata nyuma ya ukuta, alilalamika kwamba mwanya unamaliza maji yake. Watu wa ofisi ya mito wakasema watakuja kuangalia. Wakiona dalili kwamba samaki wanapita na kuzaa, mwanya utabaki. Wasipoona, utazibwa kwa zege kabla ya mwaka mpya. Ijumaa jioni jirani yangu aligonga mlango wangu. Macho yalikuwa yanamng'aa kama mtu aliyepewa zawadi. Akasema wageni wanakuja kesho saa nne, na mimi lazima niwepo. Nikamuuliza, kwani kuna nini? Akaweka kidole mdomoni. "Utaona kesho."

Mgeni njoo, mwenyeji apone. Lakini mwenyeji gani anapokea wageni uwanja haujafagiwa? Sikulala vizuri. Nilingoja kupambazuke, na Desemba huku kunapambazuka mtu keshachoka kungoja, nikachukua reki yangu na ndoo, nikaenda mtoni peke yangu. Niliokota mifuko na makopo ukingoni. Kisha, hatua chache juu ya ule mwanya, katikati kabisa ya changarawe zangu nilizozisafisha kwa mikono yangu, nikaona fujo. Mtu alikuwa amechimba shimo, urefu kama wa mkeka wa kusalia, na mchanga wake ameurundika nyuma kama tuta la muhogo. Nikasema, watoto hawa hawana adabu! Nikaingia majini. Nikalivuta lile tuta lote, nikalijaza shimo, nikasawazisha, na mchanga wenye takataka nikauchota kwenye ndoo. Nilipotoka pale palikuwa laini, tambarare, pamependeza. Nikaenda zangu kukaa kwenye gogo kungoja wageni, na reki mkononi, nafsi imeridhika.

Walikuja saa nne, bwana mmoja na bibi mmoja wa ofisini, pamoja na wazee wa chama. Jirani yangu alitangulia mbele karibu anakimbia. Akasimama pale pale. Akatazama maji. Akasogea kulia, akarudi kushoto. "Ilikuwa hapa," akasema. "Kiota. Jike amechimba kwa mkia wake, akataga, akafunika. Nimekiona Jumatano. Nimekiona tena jana."

Roho ilinitoka. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze na reki yangu.

Bwana wa ofisini aliuliza kwa upole kama alipiga picha. Hakupiga. Aliuliza kama kuna mwingine aliyekiona. Hapana, alikificha, hata wenzake hakuwaambia, maana alitaka wote wakione pamoja na, Mungu wangu, alitaka nikione mimi. Bwana na bibi wakatazamana. Wazee wa chama wakatazama mabuti yao. Na jirani yangu akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena, akasema kwa sauti ndogo, "Labda ni macho yangu. Yamekuwa si mazuri siku hizi."

Nawaambia ukweli, nilinyamaza. Si kidogo. Nilinyamaza muda wa ndege mbili kupita. Nilijiambia maji yakimwagika hayazoleki, nikisema nitapata nini, na wao wataondoka na mambo yatakwisha. Kisha yule bwana akamwekea mzee mkono begani, kama anavyowekewa mtu ambaye akili zimeanza kumruka, na mzee akakubali kuwekewa. Hapo sikuweza tena.

"Macho yake hayana kitu," nikasema. "Kilikuwepo. Mimi nimekifagia."

Hakuna aliyeelewa. Ikabidi nieleze, kwa Kiingereza changu kilichokuwa kinanikimbia, kwamba kwetu wageni wakija tunafagia. Niliwaonyesha reki. Niliwaonyesha ndoo. Bibi wa ofisini akachuchumaa, akamimina maji ya ndoo taratibu kwenye sahani nyeupe aliyoitoa mkobani mwake, akawa anapekua mchanga kwa kidole. Akatoa punje moja, ya rangi ya chungwa, ndogo kama njegere. Halafu nyingine. Alipata sita. Mbili zilikuwa zimeshageuka nyeupe.

"Mayai ya trauti," akasema. Akapiga picha, akaandika. Kwa ofisi ilitosha: mwanya hautazibwa. Wazee wa chama wakashangilia, mmoja akanipiga mgongoni karibu nianguke. Nikauliza zile nyeupe zina nini. Bibi yule akanitazama kwanza, akasema zimekufa, na zile nyingine pia hazitaishi, kwa sababu mayai machanga kama hayo hayavumilii kutikiswa. Yaliyobaki chini ya changarawe, kama nimeyabakisha, hakuna ajuaye.

Jirani yangu hakushangilia. Alisimama mbele yangu. "Nilikwambia kazi ya reki imesimama," akasema. Kisha akaenda nyumbani, na mlango wake ukafungwa kwangu.

Nililia, na sioni haya kusema. Binti yangu alisema kwa Kiingereza chake kwamba ni samaki tu. Nikamwambia nyamaza, hujui kitu. Kila asubuhi baada ya hapo nilikwenda mtoni, bila reki, nikakaa kwenye gogo nikiwafukuza mbwa na watoto wasiingie majini. Majani yalianguka pale pale juu ya changarawe, yakaoza, mkono ukaniwasha, sikuyagusa. Kwangu mimi hiyo ilikuwa adhabu ya kutosha.

Wiki ya tatu jirani yangu alikuja akakaa kwenye ncha ya pili ya gogo. Hakunisalimu. Akafungua chupa yake ya chai, akasema, "Ningekwambia kwa nini kazi imesimama, usingefanya."

"Ningekuuliza, ungeniambia," nikasema.

Akanimiminia chai kwenye kifuniko cha chupa yake. Tangu hapo tulikaa pamoja, na maswali yangu yakarudi. Mayai yanapumuaje chini ya mawe? Jike yu wapi sasa? Karudi baharini, amekonda. Atakuja tena? Huenda. Nilimuuliza pia juu ya macho yake, maana nilimwona anavyomwaga chai pembeni ya kikombe. Akasema yana ukungu, daktari amempa tarehe ya kupasuliwa, na tarehe imesogezwa mbele mara mbili.

Mwisho wa Machi, asubuhi yenye jua, niliona kitu kinatikisika kwenye maji ya kina kifupi, karibu na ukingo, chini kidogo ya mahali nilipopafagia. Nilidhani ni unyasi. Halafu unyasi ukageuka ukapanda mkondo. Urefu wa ukucha, na macho mawili meusi. Kando yake mwingine.

"Mzee!" nikapiga kelele. "Wapo!"

Alipiga magoti kwenye tope, nami nikapiga magoti ubavuni pake. Akainama mpaka pua ikakaribia maji. Akatazama sana. "Naam," akasema, "nawaona." Lakini alikuwa akitazama upande ambao hakukuwa na kitu.

Ningeweza kumwachia uongo wake. Nikamshika kichwa kwa mikono yote miwili, nikakigeuza. "Si huko. Huku."

Akatazama huku. "Sioni kitu, jirani," akasema. "Nihesabie."

Mimi sijapata kujifunza kuhesabu kwa Kiingereza bila kupotea. Nikahesabu kwa Kiswahili, kwa sauti, nikinyoosha kidole: moja, mbili, tatu. Na yeye, macho ameyafumba sasa, akawa ananifuata nyuma, neno kwa neno, asijue ni ngapi.