Kibuyu Changu cha Mtindi

Nichekeni tu, lakini tumbo langu mnalijua: nikigusa maziwa mabichi, nakimbilia kichakani. Miaka nimeyanywa kwa macho, mpaka jirani yetu hapa Masasi, Mama Saidi, akanihurumia. "Yagandishe kwenye kibuyu, mwanangu, unywe funda moja moja."

Nikajaribu. Tumbo kimya! Basi nikawa natembea na kibuyu kiunoni kama bwana harusi na jambia lake.

Nikasahau kwamba siku hizi za vita, dawa ya maji, ile ya kugeuza risasi kuwa maji, nayo hubebwa kwenye vibuyu, na anayekutwa nayo hunyongwa. Juzi, njia ya Nanganga, askari wawili wa Wadachi, hao Wajerumani, wakanisimamisha.

"Umebeba dawa, wewe?"

"Shikamoo, afande. Ni mtindi."

"Marahaba. Kunywa wote tuone. Ukikimbia, risasi."

Wote! Nikikataa, kitanzi. Nikagugumia mpaka tone la mwisho. Mara tumbo likanguruma. Nikajibana, nikasoma sala zote za misheni. Wapi! Nikachomoka mbio.

"Anatoroka!"

Wakanikuta nyuma ya kichaka, nimechuchumaa, shuka shingoni, mikono juu. Yule mkubwa akaziba pua.

"Shusha bunduki," akamwambia mwenzake. "Ni maziwa kweli."