Nilimwambia Baba Mashahidi Tunatosha

Mhariri, jina langu na la kijiji changu nakuomba uyafiche, maana huku kwetu gazeti likifika husomwa kwa sauti dukani na watu wanakusanyika kusikiliza.

Mimi ni mwanaume wa miaka arobaini na sita, mkulima wa mboga huku milima ya Usambara, upande wa Kwai. Nina mke na watoto watano. Nilisoma mpaka darasa la nane, ndiyo maana hapa kijijini mtu akiwa na barua yake huja kwangu. Nina jambo limenikaa kifuani mwaka wa pili sasa, hata mke wangu halijui.

Baba yetu alikuwa hajui kusoma. Alituzaa watatu: mimi, mdogo wangu wa kiume, na dada yetu wa mwisho ambaye nitamwita Eliwaza. Eliwaza aliolewa Korogwe, mume akamrudisha nyumbani na watoto wawili. Muda si mrefu baba akaanza kuumwa miguu, mwishowe akawa hawezi kusimama kabisa. Sisi wanaume tulikuwa tunakuja, shikamoo baba, marahaba, tunakaa kidogo tunaondoka. Aliyekuwa anamwogesha na kumgeuza kitandani ni Eliwaza.

Sasa kwetu mtoto wa kike aliyerudi nyumbani hupewa shamba la kulima tu. Lake haliwi, maana watoto wake ni wa ukoo mwingine. Lakini asubuhi moja, Eliwaza kaenda kuchota maji, baba akatuita mimi na mdogo wangu. Akaniambia nichukue karatasi.

"Andika, shamba la bondeni, lile lenye mfereji, ni la Eliwaza na wanawe. Nyie wawili mna ya juu, yanawatosha. Andika nilivyosema, usiyapambe."

Nikaandika. Akasema, "Soma." Nikasoma, kila neno lilikuwa la kwake. Halafu akauliza, "Tumwite mjumbe wa nyumba kumi na mwalimu waje washuhudie?"

Ndugu zangu, hapa ndipo kosa langu lilipo. Miezi michache kabla ya hapo hakimu wa mahakama ya mwanzo alikuja mkutanoni kutueleza sheria ya wosia. Wazee wengi Kiswahili chao ni cha shida, nikasimama mimi kutafsiri kwa Kishambaa. Kwa mdomo wangu nilisema kwamba asiyejua kusoma akiandikiwa wosia lazima wawepo mashahidi wanne wanaojua kusoma, wawili wa ukoo na wawili wa nje, na mrithi asiwe shahidi. Baba hakuwepo, alikuwa kitandani, na Eliwaza alibaki akimuuguza.

Nikamwambia, "Hakuna haja, baba. Mashahidi tunatosha."

Mdogo wangu alinitazama, kisha akaniletea wino. Nikampaka baba wino kwenye kidole gumba, akabandika. Mimi nikatia sahihi, na mdogo wangu akatia. Baba akasema, "Haya, sasa moyo wangu umetua." Hakumaliza wiki mbili.

Baada ya matanga Eliwaza alitoa ile karatasi mbele ya ukoo. Wakabishana, ikapelekwa mahakamani. Hakimu akauliza mashahidi ni nani. Tukasimama mimi na mdogo wangu. Akauliza, "Na warithi ni nani?" Tukawa bado tumesimama. Karatasi ikakataliwa, mali ikagawiwa kwa mila, na shamba la bondeni tukalikata mimi na mdogo wangu nusu kwa nusu. Yeye keshajenga kwenye nusu yake.

Tukiwa njiani kurudi, baba mdogo akanishika bega. "Mwanangu, siku ile mkutanoni ulitutafsiria vizuri sana. Mimi nilisikia kila neno." Akacheka, akaniomba tumbaku. Tangu siku hiyo hajaomba kitu kwangu akakosa.

Eliwaza yeye hajui. Akikutana na watu anawaambia, "Kaka yangu aliandika, sheria ndiyo imetushinda." Analima kipande cha kuazima kwenye mteremko, mvua ikinyesha mbegu zinashuka na udongo.

Nilijaribu kujitoa kwenye dhambi hii kimya kimya. Nikamwambia, "Dada, chukua nusu yangu ulime."

"Kwa kupewa na wewe, hapana, kaka. Ukifa wanao watanitoa. Mimi nataka neno la baba lisimame."

Kisha akaingia darasa la elimu ya watu wazima. Sasa anasoma. Kaisoma ile karatasi mwenyewe mpaka mwisho, akaenda hadi wilayani kuomba kesi iangaliwe upya. Atasikilizwa mwezi ujao, na shahidi wake ni mimi.

Najua nitaulizwa kwa nini sikuita watu wengine. Nikisema ukweli, mdogo wangu atasema nimembomolea nyumba, baba mdogo atanigeuka, na kanisani mimi ni mzee wa kanisa. Eliwaza naye atajua kwamba aliyemnyima shamba ni mimi. Na sina hakika kama ukweli wangu utaifanya ile karatasi iwe halali, au nitakuwa nimeharibu kila kitu bure. Nikinyamaza, nitakuwa nimeshika Biblia na kuapa uongo juu ya maneno ya baba yangu.

Jana Eliwaza alikuja na jogoo. Akasema ni asante yake, kwa kuwa katika ukoo mzima ni mimi peke yangu niliyekubali kusimama naye. Mke wangu akamchinja, nami nikamla.

Wasomaji wenzangu, mimi akili imefika mwisho. Niambieni, nifanyeje?